Nyumba, Msitu na Maamuzi ya Halmashauri

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani na Ofisa Mipangomiji aliyesoma shuleni hapa kuanzia mwaka 1994 hadi 2000.)



Katibu aliponiandikia aliniomba niwaeleze kazi yangu, yaani kazi ya kupanga miji katika halmashauri. Akaongeza kwamba Kamati yetu ina shauri la kujenga nyumba za walimu, na kwamba mahali palipotajwa ni lile bonde lenye miti nyuma ya mabweni. Nitayazungumza mambo hayo mawili pamoja, maana kwangu ni jambo moja. Shauri lililo mbele yetu leo ndilo hilo hilo linalofika mbele ya madiwani kila mara: watu wanahitaji nyumba, na pale panapoonekana kuwa ni pori tupu pana kazi yake.

Nianze na nyumba, kwa sababu asiye na nyumba hawezi kuambiwa asubiri mpaka ndege wapate pa kukaa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika nchi yetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Jiji la Dar es Salaam mwaka 1967 lilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Mipaka ya jiji imetanuka katika miaka hiyo, lakini hata hivyo hesabu inabaki kuwa nzito: pale palipokuwa na mtu mmoja, leo wako karibu ishirini. Kila mmoja wao analala mahali fulani, na mahali hapo ama palipangwa, ama hapakupangwa.

Serikali haikukaa kimya. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, likabomoa vibanda na kujenga nyumba za kupangisha. Baada ya muda ikaonekana kwamba kubomoa na kujenga upya ni ghali mno, na katika miaka ya 1970 nguvu zikaelekezwa kwenye kupima viwanja na kuweka huduma, ili mwananchi ajenge mwenyewe. Ndiyo asili ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kama tunavyozijua. Ikawapo pia Benki ya Nyumba ya kumkopesha mwananchi, lakini benki hiyo ilikufa katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 ukaanza ule Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima viwanja kuanzia Bunju na Mbweni hadi Kibada, Toangoma na Buyuni. Mradi ulipita lengo lake, na viwanja vilivyopimwa vilizidi 30,000. Pamoja na juhudi hizo zote, sehemu kubwa ya watu wa mijini wanaishi katika nyumba walizojijengea mahali ambapo mpimaji hajafika, au alifika baada ya kuta kusimama.

Wapo wanaouliza halmashauri zilikuwa wapi. Jibu moja liko katika historia, na wazee waliomo humu wanalikumbuka. Mwaka 1972 ulipoanza utaratibu wa Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji yaliondolewa. Yalirudishwa mwaka 1978, na sheria mpya za Serikali za Mitaa zikatungwa mwaka 1982. Katika kipindi hicho watu hawakuacha kuhamia mjini eti kwa kuwa hakuna baraza la kuwapokea. Walikuja, wakanunua vipande vya mashamba, wakajenga. Mbio za kuwafikia zilianza hapo, na hazijaisha.

Sasa niwaeleze jinsi uamuzi unavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani kwamba ofisa mipangomiji huchora mstari na mambo yakaisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, eneo linalotakiwa kupangwa huandaliwa mchoro. Wenye ardhi na wakazi huitwa kutoa maoni. Mchoro huenda kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo ni kamati ya madiwani, kisha kwenye Baraza, na baadaye Wizara inayohusika na ardhi huidhinisha. Ndipo mpimaji huenda uwanjani kupanda mawe, na mwisho mwananchi hupata hati yake. Katika safari hiyo kila hatua ina watu wake na maneno yake. Mtaalamu husema kile ambacho ardhi inaweza kubeba. Diwani husema kile ambacho wapiga kura wake hawawezi kusubiri. Mweka hazina hutazama mapato ya viwanja. Wote watatu wana haki ya kusema. Asiyekuwapo katika kikao ni chemchemi, mti na mnyama.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niseme kwa kirefu kidogo habari za hao wasiokuwapo kikaoni.

Kandokando ya Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, ipo misitu midogo midogo iliyosalia kutoka katika ukanda mkubwa wa zamani. Misitu hiyo ya pwani imejaa mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Miwili kati yake, Pugu na Kazimzumbwi, iko mlangoni kabisa mwa Dar es Salaam, upande wa Kisarawe. Mwingine ni Pande, upande wa kaskazini-magharibi mwa jiji, uliofanywa kuwa pori la akiba mwaka 1990. Humo anaishi komba mdogo sana, aitwaye komba wa Rondo, ambaye uzito wake ni kama gramu 60 tu. Wataalamu walimtambua rasmi kuwa ni aina ya pekee katika miaka ya 1990, na hazikupita siku nyingi akawekwa katika orodha ya jamii za nyani na komba zilizo karibu zaidi kutoweka duniani. Makazi yake yote ni vipande vichache vya misitu ya pwani yetu, navyo vinakatwa kwa mkaa, kwa nguzo na kwa mashamba.

Najua kuna anayejiuliza moyoni: gramu 60 za komba zinanihusu nini mimi ninayetafuta kiwanja? Ni swali la haki, na nimeulizwa mara nyingi vikaoni. Jibu langu hufuata maji.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivyo hivyo vya Pugu na Kisarawe. Unashuka kupita katikati ya jiji hadi baharini karibu na Daraja la Salender. Msitu ulio juu hupokea mvua na kuiachilia polepole. Majani hupunguza nguvu ya matone, mizizi hushika udongo, na maji huingia ardhini. Msitu ukiondolewa, mvua ile ile hushuka kwa siku moja, tena hushuka na udongo. Mto hujaa mchanga, kina chake hupungua, na maji hutafuta njia nyingine, ambayo mara nyingi ni sebule ya mtu. Wapangaji waliotutangulia walilijua hilo. Mpango Mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ni ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi. Lakini bonde lilikuwa karibu na soko na karibu na kazi, na kiwanja chake kilikuwa rahisi. Watu wakajenga.

Mnamo Desemba 2011 mvua ikanyesha kwa siku tatu. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu wakabaki bila makao. Serikali iliwapa waathirika viwanja mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa Mabwepande. Nawaomba wanafunzi mfungue ramani mkirudi darasani. Mtaona kwamba Mabwepande imepakana na msitu wa Pande. Familia zilizotolewa majini zilipelekwa mlangoni pa msitu ule ule anamoishi komba yule. Sitaki mtu anielewe vibaya: waliopoteza kila kitu ilibidi wapewe mahali, tena haraka. Ninachoonyesha ni mnyororo. Jambo lisiloamuliwa kwa wakati wake bondeni liliamuliwa miaka mingi baadaye kando ya msitu, na gharama ilikuwa kubwa mara mbili. Baadhi ya waliohamishwa walirudi mabondeni, kwa kuwa Mabwepande ni mbali na riziki zao. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni zikawekwa alama ya X na kuanza kubomolewa. Nani alifaidika? Hakuna. Mwenye nyumba alipoteza akiba ya maisha yake, na jiji halikupata mto safi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au ufuko wa bahari. Mita 60 si nyingi. Ni chini ya urefu wa kiwanja chetu cha mpira. Mstari huo ungelindwa tangu mwanzo, baba mwenye familia asingeuziwa maji kwa jina la kiwanja.

Basi je, tunaweza kuwapa watu nyumba bila kumaliza misitu na mabonde? Naamini tunaweza, na hesabu yake ni ya Kidato cha Kwanza. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tuseme theluthi moja ni ya barabara, shule na nafasi za wazi. Zinabaki kama mita 6,600. Ukigawa viwanja vya mita za mraba 1,600, vile vikubwa walivyozoea kuvipenda wakubwa, utapata viwanja vinne. Ukigawa vya mita 400, utapata kumi na sita. Ukijenga ghorofa, utaziweka familia nyingi zaidi katika ardhi hiyo hiyo. Kwa hiyo mara nyingi ugomvi kati ya nyumba na msitu ni ugomvi kati ya msitu na desturi yetu ya kujenga nyumba moja moja, kila moja na ua wake, mpaka mji unafika wilaya ya pili. Ardhi inayoliwa na viwanja vipana ndiyo inayokosekana baadaye kwa chemchemi.

Nitatoa mfano mmoja kutoka halmashauri niliyowahi kufanyia kazi. Kulikuwa na eneo lenye kijito na mikuyu mikubwa. Mchoro ulioletwa na kampuni ya upimaji ulikuwa na viwanja hadi ukingoni mwa maji. Diwani wa kata hiyo aliutetea kwa nguvu zake zote. Wananchi wake walikuwa wamechanga fedha za upimaji na walikuwa wamesubiri kwa miaka, naye akatuambia waziwazi kwamba ndege hawapigi kura. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichotumwa kusema. Kamati ikaamua kwenda uwanjani. Tulimkuta bibi mmoja akichota maji, akatuonyesha kwa fimbo yake mahali ambapo maji hufika mwaka wa mvua nyingi. Fimbo ilisimama katikati ya kile ambacho kwenye karatasi kilikuwa ni kiwanja cha watu.

Tulirudi ofisini tukachora upya. Ukanda wa kijito ukaachwa, njia ya miguu ikapita kando yake, na viwanja vikapunguzwa ukubwa upande wa juu. Idadi ya viwanja haikupungua hata kimoja. Diwani aliunga mkono, kwa sababu hakuna mtu wake aliyeondolewa kwenye orodha. Lakini nisiwadanganye kwamba kila mtu alicheka. Mzee mmoja alikuwa na shamba la migomba ndani ya ule ukanda. Sheria ya Ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ilikuwa kamili, lakini haikuwa ya haraka. Kila tunapokutana sokoni yule mzee hunikumbusha, na ana haki. Ukitaka watu walinde msitu, usimfanye mmoja wao aulipie msitu huo peke yake.

Sasa nirudi nyumbani, yaani hapa shuleni.

Walimu wetu wanahitaji nyumba. Wapo wanaopanga mjini na kufika hapa wakiwa wamechoka kabla ya kipindi cha kwanza, na jioni hawawezi kubaki kuwasaidia wanafunzi. Kamati imefanya vema kuliweka jambo hili mbele, nami nitachanga kama wenzangu. Shaka yangu ni mahali tu.

Jana alasiri nilikwenda bondeni na vijana wawili wa Kidato cha Tatu tukiwa na futi ya kamba. Vigingi vinne vimekwisha kupigwa. Vitatu kati ya hivyo viko ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa kijito. Kwa hiyo sheria peke yake inatosha kuvihamisha. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, kisima cha shule kiko chini ya bonde hilo, na vyoo vya nyumba nne vingekuwa juu yake. Sihitaji kuwaeleza waliosoma Biolojia maana yake.

Nilimwuliza mjumbe mmoja wa Kamati kwa nini bonde lilichaguliwa, wakati iko ardhi tambarare kati ya karakana na barabara kuu. Alinijibu kwa uaminifu kwamba kule kwenye tambarare majirani wamelima, na wawili wamejenga vibanda vya biashara, na Kamati haikutaka ugomvi. Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, na ndivyo ilivyo katika halmashauri nyingi. Msitu huchaguliwa kwa sababu hauna mtu wa kulalamika. Hauji ofisini, hauandiki barua kwa Mkuu wa Wilaya. Tunauchukua kwa kuwa ni mpole, kisha tunaita upole huo nafasi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na ninaomba yaingizwe katika muhtasari wa mkutano huu.

Kwanza, ardhi ya shule ipimwe yote, mawe yapandwe, na hati itafutwe. Shule nyingi nchini zimemegwa kidogo kidogo kwa sababu mpaka wake uko katika kumbukumbu ya wazee tu, na wazee hawakai milele. Kazi ya kuandaa maombi na kuyafuatilia nitaifanya mimi bila malipo. Gharama za serikali na za mpimaji tuchangie sote.

Pili, tukae na majirani waliolima kwenye tambarare. Tukae nao pamoja na uongozi wa kijiji, wala tusiwaendee na tingatinga. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi walioketi humu. Mwenye mahindi aachiwe avune. Mwenye miti ya kudumu, mthamini aitazame na alipwe kabla ya msingi kuchimbwa. Wenye vibanda wapewe mahali kando ya lango, maana hata sisi tulinunua maandazi kwao au kwa mama zao. Mazungumzo hayo yatachukua miezi. Ni afadhali miezi ya mazungumzo kuliko miaka ya maji machafu.

Tatu, nyumba zijengwe kwa ghorofa moja, familia mbili chini na mbili juu, badala ya nyumba nne zilizotawanyika. Paa na msingi vitakuwa vya jengo moja, na itabaki nafasi ya kujenga jengo la pili siku wenzetu wa miaka ijayo watakapojaliwa uwezo. Bonde libaki kama lilivyo, na wanafunzi wa Biolojia walihesabu: miti mingapi, ya aina gani, ndege gani, chura gani. Hesabu hiyo iwekwe katika maktaba ya shule. Siku nyingine mtu atakapokuja na vigingi, na hakika atakuja, mwalimu aweze kumfungulia daftari na kumwonyesha kwamba mahali hapo pana wenyewe.

Wanafunzi, nina neno moja kwenu. Miaka michache ijayo baadhi yenu mtakuwa madiwani, wapimaji, wathamini, mahakimu na wenyeviti wa vijiji. Mtaletewa mchoro mezani saa kumi jioni, kikao kimechoka, na watu wanataka mpitishe. Msipitishe mchoro wa mahali ambapo miguu yenu haijafika. Mwende, mkanyage, mwulize anayechota maji pale, ndipo mnyooshe mkono.

Ndugu Mwenyekiti, vile vigingi vinne bado viko bondeni. Naomba mkutano huu uamue leo kabla ya chakula kama ving'olewe au vibaki, tena tuamue kwa kunyoosha mikono, ili kila mmoja wetu ajue alikuwa upande gani.